Dola 4000 za viza ya Ubelgiji: nitoe ao niache?

SWALI: Yaya, mimi niko sudere, fundi wa kuchomelea vyuma, hapa Katuba, Lubumbashi, nina miaka 27. Kuna papa mmoja anasema nimupe dola 4000 atanitolea viza ya Schengen, ile ya kuingia inchi nyingi za Ulaya, eti nikifika Ubelgiji kazi na karatasi nitapata palepale. Mama yuko tayari kuuza kiwanja. Ni kweli?
Sudere wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, tafadhali mwambie mama asiuze kiwanja. Viza ile ni ya kutembea tu, siku 90 ndani ya 180, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Ukishikwa unachomelea vyuma nayo unarudishwa, na unaweza kufungiwa Schengen nzima kwa miaka.

Karatasi ya kazi kule inaanzia kwa patroni, yaani mwajiri. Tangu 2019 kuna kinachoitwa permis unique, dosie moja ya kazi na ya kukaa pamoja, na patroni ndiye anaiweka kwenye jimbo lake, Flandre, Wallonie ao Bruxelles, wewe ukiwa bado hapa Lubumbashi, jimbo linaangalia kazi, Office des étrangers, ofisi ya serikali ya wageni, inaangalia mambo ya kukaa, wakikubali wote ndiyo unaenda kuomba viza D, ile ya kukaa muda mrefu, ubalozini. Kazi yako ina bahati, masudere wanatafutwa sana kule, ila kila jimbo lina listi yake ya kazi zinazokosa watu na inabadilika, so angalia ya mwaka huu.

Sasa huyo papa, muulize jina la kampuni na namba yake. Kila kampuni ya Ubelgiji ina namba ya tarakimu 10, inaanza na 0 ao 1, unaitafuta bure kwenye intaneti, kwa Banque-Carrefour des Entreprises, daftari la serikali la makampuni, unaona adresi, unaona kama bado inafanya kazi, halafu unawapigia wenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, siyo aliyokupa yeye. Akianza kukuzungusha ao akikutumia kontra ya picha ya WhatsApp bila mshahara kuandikwa, achana naye kabisa.

Njia ya masomo pia iko, mwanafunzi anaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki na akimaliza anaweza kuomba miezi 12 ya kutafuta kazi, lakini lazima uonyeshe pesa ya kuishi ao garanti, mtu wa kukudhamini, na kwa mtu mwenye ufundi tayari mkononi mimi nisingeanzia huko.

Anza na diploma yako na vyeti vya kazi kutoka kwa mapatroni wako wa hapa, vyenye sini (sahihi) na tarehe, maana patroni wa kule atavitaka kabla ya kugusa dosie yoyote.