Mafuta Hayachujwi

Msomaji wa Changamwe, mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali, anaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu mtambo unaotenganisha mafuta ghafi. Mwenzake amemshauri auite "nguzo ya kuchujia mafuta", naye anatuuliza iwapo nguzo ni neno mwafaka au aandike mnara.

Aandike mnara. Nguzo kazi yake ni kubeba, ilhali chombo hiki kirefu kina uwazi ndani na hakibebi paa wala dari. Kinachonikera ni neno ambalo msomaji hakuliuliza, kwa kuwa limeshazoeleka masikioni mwake kama lilivyozoeleka katika taarifa za habari na vitabu vya shule: kuchuja. Mafuta ghafi hayachujwi yakawa petroli, na anayeandika hivyo anampotosha mwanafunzi kabla hajafika kwenye sentensi ya pili.

Tutazame tui. Nazi ikishakunwa na kutiwa maji, hukamuliwa ndani ya kifumbu. Tui hupita, machicha hubaki. Kifumbu kimefanya kazi moja tu, nayo ni kuzuia kilicho kigumu na kikubwa kuliko matundu yake. Ndani ya tui lililopita mna maji na mna mafuta, na vyote viwili vimepita pamoja, kwa kuwa kifumbu hakijui tofauti yao. Chuja tui hilo mara ya pili kwa kitambaa kizito, lichuje mara ya kumi, litabaki kuwa tui. Anayetaka mafuta ya nazi huliteleka motoni mpaka maji yaondoke, na hapo kazi inafanywa na joto, si na matundu. Vivyo hivyo, petroli, mafuta ya taa na dizeli zimo ndani ya mafuta ghafi zikiwa vioevu vilivyochanganyika, na hakuna chujio la jikoni wala la kiwandani litakaloishika dizeli na kuiachia petroli ipite.

Kitenzi tunacho, nacho ni kukeneka: kuchemsha kioevu hadi kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo urudi kuwa kioevu mahali pengine. Waarabu husema taqtir, kutokana na qatra, yaani tone, na Kilatini nacho kilianzia kwenye tone. Ndiyo maana wapo waandishi wetu wanaosema kutonesha, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kuokota neno la jirani wakati mwenye nyumba yupo.

Hebu tuingie ndani ya mnara, maana hapo ndipo kuchuja kunapoumbuka. Mafuta ghafi hupashwa moto katika tanuri hadi kufikia kiasi cha nyuzijoto 350 za Selsiasi, kisha huingizwa karibu na sehemu ya chini ya mnara, yakiwa sehemu kubwa yamegeuka mvuke. Mvuke hupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokuta ubaridi. Njiani mna sahani nyingi za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Juu ya kila sahani mvuke unaopanda hupenya katika kioevu kinachoshuka, vile vizito vikapoa na kuanguka, vile vyepesi vikachemka upya na kuendelea na safari. Sehemu ya kioevu kilichopozwa kileleni hurudishwa makusudi mnarani, ili mkutano huo usikatike, kwani bila marejesho hayo utenganishaji hudhoofika. Gesi na sehemu nyepesi za petroli hutokea juu. Chini yake hutolewa mafuta ya taa, na chini zaidi dizeli. Kinachozitenga sehemu hizi ni kiwango cha joto ambacho kila moja huchemkia, na kitenzi kuchuja hakina hata chembe ya maana hiyo.

Kusafisha mafuta nakuvumilia, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu kiwanda hakiishii kwenye mnara. Huondoa pia salfa na kufanya kazi nyingine, na jina pana linafaa kuzikusanya zote. Lakini kwa mnara wenyewe, msomaji aandike "mnara wa ukenekaji", na hatua yenyewe aiite "ukenekaji wa sehemu kwa sehemu".

Ajihadhari pia na yale mazito yanayobaki chini, kwa kuwa aliyezoea kuchuja huyaita makapi, kana kwamba ni ya kutupwa. Ayaite mabaki. Hayo hupelekwa kwenye mnara mwingine ambao shinikizo lake limepunguzwa, ili yachemke bila kuhitaji joto kali la kuyavunja-vunja, na ni humo inamopatikana lami ya barabara.