Mwajiri akivunja mkataba wa hali bora, anzeni na kifungu

Nilipokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani, malalamiko mengi yalinifikia kwa neno moja tu: "Wanatuonea." Mara nyingi ilikuwa kweli, lakini huwezi kumpelekea mwajiri neno hilo akakulipa. Swali langu kwa wenzangu lilikuwa lilelile: kifungu gani, na tangu lini?

Kwa Tanzania, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi, si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 71, inaufanya umbane mwajiri, chama na wanachama mara unaposainiwa. Chama kikiwa kimetambuliwa rasmi kujadiliana kwa niaba ya wafanyakazi, unawahusu hata wasio wanachama katika kundi hilo. Kwa hiyo nakala isifungiwe kabatini kwa katibu wa tawi. Iombeni, ipigeni picha kwa simu, isomeni.

Jambo lililotusumbua sisi lilikuwa posho ya zamu ya usiku. Sheria inataka angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, na mkataba wetu ulikuwa umeweka zaidi ya hapo. Mwajiri akarudi kulipa kile cha sheria, na ofisi ya utumishi ikatujibu kwamba iko ndani ya sheria. Jibu hilo liliwanyamazisha wengi, nalo halikuwa na uzito wowote: sheria imetaja kima cha chini, na mwajiri alikuwa ametia saini kulipa zaidi. Tukakusanya hati za mshahara, tukazilinganisha na ratiba za zamu, tukaandika tofauti ya fedha mwezi kwa mwezi mbele ya kila jina. Baada ya hapo hakuna aliyebisha kama tunapunjwa. Ubishi ukabaki ni lini tulipwe.

Barua ya madai iwe fupi: kifungu, tarehe, wahusika, mnachodai. Ipitie kwa mwakilishi, na kama mkataba wenu umepanga ngazi za malalamiko, msiruke hata moja. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuipokea, andikeni tarehe, saa na jina la aliyeshuhudia.

Sasa suala la muda, ambalo linaniuma kuliko yote kwa sababu nimeona haki za watu zikipotelea hapo. Mgogoro wa namna hii unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. "Subirini bajeti" na "meneja yuko safarini" havisimamishi siku hizo. Mkiona mazungumzo yanavutwa, jazeni fomu namba 1 ya CMA, mkabidhini mwajiri nakala, kisha endeleeni kuzungumza shauri likiwa limeshafunguliwa. Mkichelewa itabidi muombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.

Huko mtakutanishwa na msuluhishi. Ikishindikana, mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba wa hali bora huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, isipokuwa mkataba wenyewe umepanga njia nyingine. Wengi hudhani utaamuliwa palepale CMA kama kesi za kufukuzwa kazi; someni kifungu cha migogoro mapema. Na wanaohimiza mgomo waelezwe: jambo ambalo mkataba unaotumika umeshalipangia utaratibu haligomewi kihalali.

Hofu ya kufukuzwa naielewa, hasa kwa mwenye watoto shuleni. Sheria haikubali mtu aachishwe kazi kwa kudai haki iliyo kwenye mkataba, wala kwa kushiriki shughuli halali za chama. Barua za onyo zikianza kuwaangukia waliosaini madai, zipelekeni tawini siku hiyohiyo, ziwekwe kwenye jalada moja na madai yenyewe.