Tetere Naye Aandikwe

Mwaka wangu wa kwanza kushiriki siku ya kuhesabu ndege, tulirudi Tabora mjini watu watano, aina 74 kwenye daftari, na ugomvi mmoja. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa tetere. Mwandishi wa siku ile nilikuwa mimi, na kwenye mstari wa tetere sikuweka idadi. Niliweka X, yaani walikuwepo. Fundi redio mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, mtu aliyetuzidi sote kwa masikio, akachungulia daftari kisha akaniuliza, "Dada, tulikwenda kuhesabu au kutaja majina?"

Nilikasirika. Tetere! Ndege anayeniamsha kila siku juu ya bati, nani wa kumhesabu? Asubuhi ile nilikuwa nimewapotezea wenzangu saa moja na nusu nikimkimbiza ndege mgeni kwangu ndani ya miombo, na hata huyo sikumwona vizuri. Ilinichukua mwaka mzima kukubali kwamba fundi alisema kweli. Nimeshashiriki mara nne sasa, na kila ninapoulizwa na anayetaka kuanza, naanzia hapohapo kwa tetere.

Fikiria tumbusi. Nilipokuwa mtoto walijaa kwenye miti karibu na machinjio, na hakuna aliyewatazama mara mbili. Tumbusi mgongo-mweupe ndiye aliyekuwa wa kawaida kuliko tumbusi wote wa Afrika. Mwaka 2015 aliingizwa kwenye daraja la ndege walio hatarini kabisa kutoweka, na sababu kubwa ni sumu inayowekwa kwenye mizoga. Sasa nenda katafute nani aliandika kwamba mwaka fulani, mahali fulani hapa kwetu, walikuwa thelathini juu ya mti mmoja. Wengi wetu tuliwaona, tukanyamaza, kwa kuwa walikuwa wa kawaida.

Siku yenyewe, kwa Kiingereza Global Big Day, kwa kawaida huwa Jumamosi ya pili ya Mei. Inaratibiwa na Maabara ya Ornitholojia ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kupitia eBird, mfumo wa mtandaoni wa kuandikisha ndege walioonekana, na imefanyika kila mwaka tangu 2015. Mei imechaguliwa kwa sababu huko kaskazini ndiyo majira ya kuchipua: ndege wao waliokuja kukaa huku kwetu wamesharudi, wanaimba na kujenga viota. Kwetu hakuna kinachochipua. Mvua zimekata, nyasi zimefika kifuani, asubuhi kuna umande wa kulowesha suruali hadi magotini. Kwa hiyo, ukiona mbayuwayu juu ya bwawa siku hiyo, usiharakishe kuandika yule wa Ulaya, maana wenzake wengi walishaondoka. Mtazame koo na kiuno, wapo mbayuwayu wa hapahapa wasiokwenda kokote. Nililifanya kosa hilo mwaka wa kwanza, nikaandika kumi na wawili. Mhakiki wa kujitolea akaniandikia kwa adabu kuuliza nilitambuaje. Sikuwa na jibu.

Kabla ya siku, fanyeni mambo ya ruhusa. Watu hulipuuza hili, na ndilo linaloharibu siku kuliko mvua. Tabora ni mji wa reli na wa kambi za jeshi, na mtu mwenye darubini shingoni, amesimama porini alfajiri, hana sura nzuri. Mwaka wa pili tulizuiliwa karibu saa mbili na mlinzi aliyetushuku, na siwezi kumlaumu: tulikuwa watu wazima watatu tumejificha nyuma ya kichuguu. Siku hizi tunapita ofisi ya kijiji wiki moja kabla, tunaonana na mtendaji, tunaacha barua yenye majina na namba za simu. Msitu ukiwa wa hifadhi, tafuta mapema kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Na darubini usiinyanyue kabisa ukiwa karibu na kambi, gereza au daraja la reli, hata furukombe akitua juu ya mlingoti wa bendera.

Vifaa si vingi. Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha. Usidanganyike na zile za kukuza mara ishirini, mkono unatetemeka na ndege anacheza ngoma ndani ya kioo. Chukua penseli badala ya kalamu, kwa sababu ya umande. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani. Msituni kuna mbung'o, na rangi hizo mbili ndizo hasa zinazotumika kushonea mitego yao, kwa hiyo ukizivaa umejigeuza mtego unaotembea. Sisi tunakula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga njiani. Havichachi, havimwagiki, na mikono haibaki na mafuta ya kuchafua kioo.

Jua la Tabora mwezi Mei si la Dar, linachomoza karibu saa moja. Lakini kuweni mahali penu saa kumi na moja na nusu. Bundi bado wanaitana, na kabla mwanga haujawa mweupe ndege wa miombo wameshaanza kuimba. Masikio yanafanya nusu ya kazi msituni, pengine zaidi ya nusu. Fundi wetu redio hakuwahi kusoma kitabu cha ndege hadi alipojiunga nasi, ila alizoea kusikia hitilafu ndogo kwenye spika. Anamtenga kigotagota na hondohondo huku sisi bado tunafungua vifuniko vya darubini. Simu yenye programu ya kutambua sauti ninayo, naitumia, lakini naichukulia kama mpita njia aliyesema "nadhani amepita huku". Ikitaja jina, namtafuta ndege. Nisipompata, siandiki.

Sasa miombo yenyewe. Mgeni huikatia tamaa mapema. Unatembea nusu saa kati ya mininga na mitundu, kimya, hata inzi huwasikii, unaanza kudhani ndege wamehama. Halafu ghafla mti mmoja unajaa. Wakati huu wa ukame ndege wadogo hutembea kwa msafara, aina nyingi pamoja: wa juu wanapekua majani, wa katikati wanachunguza magome, wa chini wanaokota wadudu walioshtuliwa. Wanapita kama abiria wanaoshuka treni, dakika tano au sita, kisha kimya tena. Mara ya kwanza sote watano tulinyanyua darubini kwa pamoja, sote tukamwona yuleyule chozi aliyekuwa aking'aa, na wengine ishirini wakapita bure.

Tunachofanya sasa ni kugawana mti. Mmoja anachukua kilele, mmoja matawi ya kati, mmoja shina na magome, mmoja ardhi. Wa tano hana darubini mkononi. Yeye ni mwandishi, anaandika anachoambiwa na kuuliza "wangapi?" kila jina linapotajwa. Kazi hiyo haina raha, basi tunapokezana kila saa. Asiyemjua ndege asikae kimya wala asikisie. Aseme anachoona: mdogo, tumbo manjano, mkia unapigapiga. Mwandishi anaandika hivyohivyo. Na maelezo yaandikwe kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ukishaona picha, macho yanaanza kukumbuka mabaka ambayo hayakuwepo.

Kuna ndege wawili ambao kila mtu anayekuja Tabora anataka kuwaona, na nawasema ili uwatoe moyoni mapema. Mmoja ni keremkerem mdogo mwenye kichwa cha kahawia-nyekundu, anayebeba jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege pande hizi miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1884. Mwingine ni kidenenda mwenye mkia mwembamba, Cisticola angusticauda, ambaye kwa Kiingereza ana jina la mji wetu. Huyu wa pili ndiye niliyemkimbiza mwaka wa kwanza. Ni ndege wa rangi ya nyasi kavu, ndani ya nyasi, na ndugu zake wanaofanana naye ni wengi kiasi cha kuudhi. Nilikuja kumwona mwaka wa tatu nikiwa nimekaa kwenye kisiki nakula karanga.

Mchana huwa tunahamia bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji, lililonywesha Tabora miaka mingi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Hapa shida si kuwaona ndege, ni wingi wao. Bata wale wanaopiga mluzi huketi kundi zima ukingoni, na kila mtu ana namba yake. Mwaka wa pili mmoja wetu alisema mia mbili, mimi nikasema themanini. Njia ninayoiamini ni hii: hesabu kumi, mmoja mmoja, kwa kidole kama ni lazima. Angalia hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani. Kisha pima vipande vya nafasi hiyo hadi mwisho wa kundi. Kila mtu afanye peke yake bila kutamka, halafu mtaje kwa pamoja. Tulipofanya hivyo ilikuwa 120, 130 na 125, na aliyesema mia mbili akakiri kwamba alikuwa amewahesabu waliokaa, wakaruka, akawahesabu tena walipotua.

Hilo la kuhesabu mara mbili linahitaji roho ngumu. Furukombe akilia kushoto, na baada ya nusu saa akilia kulia, ni mmoja hadi uone wawili kwa pamoja. Yangeyange wanaofuata ng'ombe nao wanafuata ng'ombe walewale mnaopishana nao mara tatu. Andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na umbali mliotembea. Mkihama mahali, anzeni orodha mpya, msichanganye msitu na bwawa kwenye karatasi moja. Na kwenye kile kisanduku cha eBird kinachouliza kama umeandika ndege wote uliowatambua, jibu ndiyo ikiwa ni kweli tu. Orodha inayosema ndiyo huku imewaruka kunguru na tetere inadanganya vibaya kuliko orodha fupi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko darubini ni kumpata mwenyeji. Mwaka wa tatu tulimfuata mzee mmoja mrina asali huko Uyui. Tulimkuta anafunga kamba. Tukamwamkia "mwangaluka", akaitikia, akatutazama viatu. Hakuuliza maswali mengi. Alituonya tu tusisimame chini ya mizinga, na tusijipulizie manukato siku ya kuja msituni, kwa kuwa nyuki hawapendi. Tukatoka naye. Ndege alikuwa anawajua kwa Kinyamwezi, na kwa wengine alijua zaidi ya jina: wapi analala, mti gani ukitoa maua ndipo anakuja. Tulikuwa tukilinganisha sauti anayoiigiza na picha kitabuni, na mara mbili alikikataa kitabu. Mara moja kitabu kilikuwa sahihi.

Kuna wakati alituacha. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, alianza kumpigia kelele, akitua tawi hili, akisogea lile, na mzee akamjibu kwa mluzi na kuondoka naye bila hata kutuaga. Tuliachwa njiani na daftari letu. Mwandishi akauliza, "Mlembe, wangapi?" Tukasema mmoja. Alirudi baada ya dakika arobaini, mikono inanata, akatugawia sega. Akatuambia mlembe ameachiwa nta yake.

Kuhusu malipo, yazungumzeni kabla ya kutoka. Mzee huyu anapoteza siku ya kazi, na sisi tulimpa posho ileile tuliyojilipia wenyewe ya mafuta na chakula. Nimesikia makundi yanayomshukuru mwenyeji kwa kupiga naye picha. Hiyo si shukrani.

Siku kisheria inaisha saa sita usiku, lakini sisi huwa tumechoka kufikia saa kumi na moja jioni. Mwaka ule tulikaa nyumbani kwa mzee, chini ya mwembe, tukijumlisha. Alinitaka nimsomee orodha. Nikamsomea: furukombe wawili, mnandi kumi na tisa, mumbi wanne, mlembe mmoja. Alitikisa kichwa kwa kila mmoja kama mtu anayehesabiwa wajukuu. Nilipofika kwa tetere nikasoma, "Arobaini na moja."

"Na wa hapa?" akauliza.

Hatukuwa tumeandika wa pale. Juu ya paa la ghala lake walikuwa wamejipanga, wengine wanatua, wanasukumana kutafuta nafasi ya kulala. Fundi alinitazama bila kusema kitu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika saa, nikaandika jina la kijiji, tukahesabu kila mtu kimya kimya, kisha tukataja kwa pamoja. Wanne tulisema tisa. Mzee alisema kumi, akatuonyesha wa kumi, amelala kwenye kiota ndani ya mwembe juu ya vichwa vyetu.