Riwaya ya kumpa binti wa miaka 11

Dada, umeuliza binti yako wa miaka 11, aliyekwisha kumaliza ngano zote za mazimwi, asome riwaya gani sasa. Mimi ningempa A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Kijana Ged, kwa majivuno tu, anafungulia kivuli kinachomwandama kisiwa hadi kisiwa, na uchawi wenyewe unategemea kulijua jina la kweli la kila kitu. Niliisoma nikiwa na umri wake, na hadi leo naipenda kuliko zote. Lugha yake ni nzito kidogo, kwa hiyo sura za mwanzo someni pamoja. Akitaka kicheko zaidi, mpe The Hobbit ya Tolkien. Akata Witch ya Nnedi Okorafor nayo usiiache: Sunny, msichana shujaa wa riwaya hiyo, ana miaka 12, karibu rika la binti yako.