Nimerudi Seme, nitashona nini huku kwa mawe?

SWALI: Mama Fundi habari, mimi nilisomea ushonaji Kisumu mjini, saa hii nimerudi nyumbani Seme juu kodi ya nyumba ilinishinda. Mjini nilikuwa napita Kibuye kwa mitumba naangalia mishono narudi na kichwa kimejaa, huku ni mawe, mbuzi na jua tu, sasa nitabuni nini? Wenzangu wanasema nichore Kit Mikayi, lile jiwe kubwa la hapa kwetu, kwa tisheti niuzie watalii. – Fundi wa Seme

JIBU: Pole na kodi mwanangu, hiyo ilishanifukuza mjini hata mimi. Lakini ati huku hakuna kitu, na Kit Mikayi iko hapo kwenu! Tisheti achana nayo, picha ya jiwe kwa kifua ni ukumbusho wa mtalii, si mshono. Enda asubuhi kabla jua liwe kali, simama mbali huko barabara ya Bondo, utaona jiwe la kijivu basi. Sasa karibia hadi pua iguse. Kuna yale magamba magamba huota kwa mawe, mengine kijani imepauka kama leso ya zamani, kuna michirizi meusi pale maji ya mvua hupitia, kuna kahawia... kijivu imeenda wapi?

Watu wa visiwa vya Outer Hebrides kule Scotland, kwenye upepo na mawe na kondoo kama hujui, walipata jina kwa akili hiyo hiyo. Kitambaa chao cha Harris Tweed, sufu hutiwa rangi kabla isokotwe, halafu rangi kadhaa zinachanganywa ndani ya uzi mmoja, ndio maana koti kwa mbali ni kahawia tu lakini ukikaribia unapata bluu, manjano, hadi zambarau. Na zamani walikuwa wanakwangua hayo hayo magamba ya mawe wanachemsha na sufu kupata rangi! Tangu 1993 kuna hadi sheria, kisipofumwa kwa mkono nyumbani kwa wenyeji wa visiwa hivyo basi hakiitwi Harris Tweed.

Wewe huna mashine ya kufuma, sawa, una cherehani. Tafuta nyuzi za zile rangi uliona kwa jiwe, upige mistari imekaribiana sana juu ya kitambaa cha kijivu, mfuko mmoja ama kola tu, usijaze gauni nzima tafadhali.

Kukaribia hivyo si kwa mawe tu. Nakuru nako kila ukuta una picha ya heroe, yule ndege flamingo, amesimama kwa mguu mmoja, nimewachoka. Hakuna mtu humwangalia akiruka: akikunja mabawa ni waridi hafifu, akifungua kumbe kuna nyekundu kali na ukingo mweusi. Hiyo ni sketi tayari bana, waridi nje, nyekundu uifiche kwa mpasuo, ionekane tu mtu akitembea.

Huo mfuko ukiisha nitumie picha mbili, ya mbali na ya karibu.