Kisu kiwe cha zamu, kisiwe cha mtu

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama polisi aruhusiwe kwenda zamu na kisu chake mwenyewe. Najibu hapana. Lakini kisu cha kupewa kazini awe nacho, tena kila askari wa doria.

Nalinda mahabusu katika kituo kimoja cha polisi hapa Uingereza. Si askari, ila navaa sare, na kiunoni nina kifaa kidogo chenye wembe uliojificha ndani ya ndoano. Hakina ncha. Unakipenyeza kati ya shingo na kamba, unavuta, kamba inakatika. Usiku mmoja wa Januari nilikitumia kwa kijana aliyekuwa amejikaba kwa kipande cha nguo yake. Nilipiga goti, nikavuta mara mbili, akakohoa. Sijapata kusikia sauti tamu kama kile kikohozi.

Asubuhi, askari wa doria aliyemleta alinionyesha kisu cha kukunja alichojinunulia dukani. "Ningewahi mimi, ningetumia hiki," akasema. Kisu chenye ncha, kwenye shingo iliyovimba, mikono ikitetemeka! Mwili ulinisisimka.

Kwa sheria ya mwaka 1988 ya England na Wales, raia anaweza kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Kikiwa na kufuli ya kuuzuia ubapa usijikunje, ruhusa hiyo hakiipati. Mahakama iliamua hivyo miaka ya 1990. Hapo mwenye kisu ndiye wa kuonyesha sababu ya msingi, iwe kazi yake, dini yake (kama kirpani, kisu cha dini cha Singasinga) au vazi la asili. Akishindwa, kifungo chaweza kufika miaka 4. Vijana tunawapokea hapa kwa kosa hilo kila mara, na aliyewapekua na kuwauliza "hiki cha nini?" ni askari. Nataka naye awe na jibu la kilichomo mfukoni mwake.

Wenzangu wananipinga kwa mfano wa mkanda wa gari lililopinduka, unaohitaji kukatwa, na kwa kufuli yenyewe, maana kisu kisicho nayo hukukunjikia vidoleni. Ni kweli, na hapo sheria naiona ina kasoro. Ila mkanda wa gari hukatwa vizuri na ndoano ileile yangu, bila kumchanja aliyebanwa. Na koleo na bisibisi, zinazokuja na baadhi ya visu vya kukunja, zikae kwenye sanduku la gari la doria. Changu nakitia saini nikiingia zamu na nikitoka, kikikosekana tunakitafuta kabla mtu hajaenda nyumbani. Cha mfukoni kikimponyoka mwenyewe kwenye purukushani, nani atajua kilikuwepo?

Na uchungu wangu uko hapa: askari wa doria mara nyingi hufika nyumbani kwa watu kabla ya gari la wagonjwa, naye ndiye anayemkuta mtu ananing'inia. Mimi niliye ndani nina ndoano, yeye wa nje hana. England na Wales zina majeshi ya polisi 43, kila moja na kanuni zake za vifaa. Kwetu nimeshamwandikia mkuu wa zamu kuomba ndoano kwa kila askari wa doria. Nilijibiwa kwamba bajeti inaangaliwa. Mwezi ujao naandika tena.

Msomaji wenu, Leicester