Msomaji Auliza: Picha za Simu Yangu Zimeingia Ukungu

SWALI: Assalaam alaykum, mhariri. Mimi ni msusi wa mikeka ya ukili, naishi Ngamiani, Tanga, na wateja wangu wengi wako mbali, kwa hiyo huchagua mkeka kwa kuangalia picha ninazowatumia kwa WhatsApp. Kwa muda wa miezi miwili sasa picha za kamera ya nyuma zinatoka na ukungu, hasa ninapotaka kuonyesha mshono kwa karibu, na mteja mmoja ameacha kununua akidhani mkeka wenyewe umechakaa. Simu haijaanguka wala haijaingia maji, ila mwanangu anaendesha bodaboda na huiazima jioni, akaifunga kwenye usukani ili afuate ramani. Fundi mmoja ameitazama kwa dakika moja tu akasema kamera ibadilishwe. Je, nikubali? – Msusi wa Ngamiani

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Usikubali kwanza. Huenda fundi amesema kweli, lakini kwa dakika moja hakuweza kujua, na vipimo vinavyohitajika unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani bila kulipa hata shilingi.

Anza na kioo kinachofunika lenzi. Kiinamishe chini ya taa mpaka mwanga ukipitie kwa ubavu, nawe utaona kama kina alama za vidole au utando mweupe, kwa kuwa sisi tunaokaa pwani hupata upepo wenye chumvi na unyevu, na vitu hivyo vikichanganyika na mafuta ya mikono huganda juu ya kioo. Usiku piga picha ya balbu inayowaka: mwanga wake ukichirizika kama mstari mrefu, hayo ni mafuta. Ninakuomba sana usifute kwa pindo la kanga, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyojificha humo yatosha kukwaruza kioo, na mkwaruzo hauondoki. Puliza kwanza vumbi litoke, kisha tumia kitambaa laini cha kufutia miwani kilicholoweshwa kidogo tu kwa maji safi. Ikiwa umebandika protekta juu ya lenzi, ibandue kabla ya kupima. Ukiona ukungu upande wa ndani wa kioo, ambao haufutiki, basi unyevu umeingia, na hapo kazi ni ya fundi.

Kioo kikiwa safi, tandika mkeka uani mchana, penye mwanga mwingi. Nasema uani kwa sababu ndani ya nyumba kamera hulazimika kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo picha huvurugika, lakini juani picha huweza kuchukuliwa kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Weka simu umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mkeka, gusa skrini pale penye mshono, subiri kidogo, ndipo upige. Kamera kuu za simu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko kiasi cha sentimita 10, na baadhi huhitaji nafasi kubwa zaidi. Ukiisogeza hadi karibu igusane na ukili, kama wengi wanavyofanya wakitaka kuonyesha ufundi wao, ukungu ni lazima. Piga kwa mbali kidogo, kisha ukate sehemu unayoitaka.

Mshono ukionekana sawasawa, kamera yako ni nzima. Usipoonekana hata kwa shubiri mbili, hapo ndipo ninapoutilia shaka usukani wa bodaboda. Ndani ya kamera, lenzi husogezwa mbele na nyuma na waya uliozungushwa karibu na sumaku ndogo ili ipate kulenga, na katika simu zenye kizuia mtikisiko, sehemu za kamera husogea pia kufidia kutetemeka kwa mkono. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wenye iPhone kuwa mitetemo ya injini kubwa za pikipiki, ikipitia kwenye usukani, yaweza kupunguza ubora wa kamera, na hata kwa pikipiki ndogo ilishauri kutumia kishikio kinachopunguza mtetemo. Simu yako huenda si ya kampuni hiyo, lakini kamera nyingi hutumia mfumo wa namna hiyo. Washa kamera, iegemeze simu ukutani bila kuishika, kisha tazama skrini: picha ikichezacheza yenyewe, au ukisikia mlio wa kugonga usiokoma, kifaa hicho kimeharibika, nami nitakubaliana na fundi. Hata kabla ya jibu hilo, mwombe kijana aiweke simu mfukoni na kuisikiliza ramani kwa spika ya sikioni.

Kava lenye sumaku nalo livue wakati wa kupima, maana sumaku huweza kuivuruga lenzi. Zima simu na uiwashe tena pia.

Kisha linganisha picha iliyo kwenye simu yako na ile aliyoipokea mteja. Ikiwa yako ni safi na yake ina ukungu, kamera haina kosa lolote, kwani WhatsApp huipunguza picha ili iende upesi. Tangu mwaka 2023 imeweka alama ya HD, ambayo ukiigusa kabla ya kutuma, picha hufika ikiwa na ubora mkubwa zaidi.

Ukilazimika kurudi kwa fundi, muulize kama kilichoharibika ni kioo cha juu au kamera yenyewe, kwa kuwa kioo peke yake ni kazi ndogo na gharama yake ni nafuu. Mwambie akurudishie kifaa cha zamani. Nenda na mkeka uleule, na kabla hujamlipa toka naye nje penye mwanga, upige mshono uleule kwa umbali wa shubiri ileile.